Mwani na Nywele Zetu

Kule Kibuyuni, Kwale, akina mama hulima mwani na kuutengenezea sabuni. Wengi hutuuliza: je, unaotesha nywele? Hapana, tusidanganyane. Ute wake hushika maji, basi nywele kavu hulainika, zikawa rahisi kuchana. Mapunye ni fangasi: mtoto apelekwe zahanati.

Suuzeni mwani mkavu mara nyingi hadi chumvi iishe, maana chumvi hukausha nywele. Loweka usiku kucha. Konzi moja ichemshwe kwa vikombe vitatu vya maji, moto mdogo, mpaka ulainike. Chuja ungali moto, ukipoa hugandamana. Pakeni, ngojeni kidogo, mwoshe.

Lakini ute huu huoza upesi. Kikundi kikiujaza chupani bila dawa ya kuzuia kuoza, mteja atapaka uvundo kichwani, na hatarudi.