Uongozi wa Jumuiya za Kisayansi za Uchambuzi wa Seli na Nafasi ya Bonde la Kilombero katika Uwekaji wa Viwango

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna uongozi wa jumuiya za kisayansi zinazoshughulikia uchambuzi wa seli unavyogusa maisha ya watu wa kawaida kupitia viwango vya upimaji. Makala yanaeleza kwa ufupi jinsi seli zinavyohesabiwa, yanaonesha kuwa tarakimu inayotolewa na mashine huwa na maana pale tu inapolinganishwa na kiwango, kisha yanajadili nani huweka kiwango hicho. Mfano mkuu umechukuliwa katika Bonde la Kilombero, ambako utafiti wa tiba umefanyika tangu mwaka 1949. Hoja inayojengwa ni kwamba uongozi wa jumuiya za aina hii ni mamlaka juu ya mpaka kati ya uzima na ugonjwa. Kwa hiyo jamii zinazopimwa zinapaswa kuwa na sauti ndani ya vyombo vinavyouchora mpaka huo.

1.0 Utangulizi

Kata ya Kisawasawa ipo katika Bonde la Kilombero, chini ya Milima ya Udzungwa, kando ya njia itokayo Kidatu kuelekea Ifakara. Bonde hili linajulikana kwa mpunga, miwa na mbu. Kwa sababu ya mbu hao na malaria waienezayo, bonde limekuwa pia mojawapo ya maeneo yaliyofanyiwa utafiti mwingi zaidi wa kitabibu katika Afrika Mashariki. Zipo kaya ambazo babu, mzazi na mjukuu wote wamewahi kutoa damu kwa ajili ya uchunguzi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kijana wa Kisawasawa anajitolea kushiriki katika jaribio la chanjo. Anajisikia mzima, hana homa, analima shamba lake kama kawaida. Damu yake inapimwa, na majibu yanaonesha kwamba aina mojawapo ya chembe nyeupe ipo chini ya kiwango. Anaambiwa kwamba hawezi kushiriki. Anarudi nyumbani akiwa na wasiwasi kwamba ana ugonjwa asioujua. Hata hivyo, huenda kasoro haimo katika damu yake, bali katika kiwango alicholinganishwa nacho.

Swali la makala haya linatokana na hali hiyo: nani huamua kwamba idadi fulani ya seli ni ya mtu mwenye afya na nyingine ni ya mgonjwa? Jibu linatupeleka kwenye vyombo ambavyo hujadiliwa kwa nadra katika maandishi ya Kiswahili, yaani jumuiya za kisayansi na viongozi wake.

2.0 Namna seli zinavyohesabiwa

Fani ya kupima seli moja moja huitwa saitometria. Katika namna yake iliyoenea zaidi, sampuli ya damu huchanganywa na kingamwili zilizofungwa kwenye rangi zinazong'aa. Kila kingamwili hushika alama maalumu iliyo juu ya aina fulani ya seli. Baada ya hapo seli hupitishwa ndani ya mkondo mwembamba wa maji, zikifuatana moja baada ya nyingine mbele ya mwali wa leza. Kila seli inapopita hutawanya mwanga, na rangi iliyoshikamana nayo hung'aa. Vipokea mwanga huunasa mng'ao huo, na kompyuta huuonesha kama nukta katika mchoro.

Hatua inayofuata ndiyo yenye uzito katika mjadala huu. Mchambuzi huchora mpaka kuzunguka kundi la nukta na kusema kuwa zilizo ndani ndizo seli anazozitafuta. Kompyuta inaweza kumsaidia, lakini kanuni ya kuchora mpaka hutungwa na binadamu. Wachambuzi wawili wasiokuwa na mwongozo wa pamoja wanaweza kuchora mipaka tofauti katika damu ileile na kupata hesabu mbili. Kwa msingi huo, saitometria haiwezi kutegemewa bila makubaliano ya watu wengi kuhusu namna ya kuandaa sampuli, kurekebisha mashine, kuchora mipaka na kutunza takwimu.

3.0 Tarakimu na kiwango

Hesabu ya seli haijitoshelezi. Kipimo cha seli za CD4, ambacho kimetumika sana kwa watu wanaoishi na VVU, kinathibitisha jambo hilo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 ulielekeza kwamba mtu mzima mwenye seli zisizofika 200 katika mikrolita moja ya damu aanzishiwe dawa hata kama hana dalili. Mwaka 2010 kiwango kilipandishwa hadi 350, na mwaka 2013 hadi 500. Mwaka 2015 shirika hilo lilielekeza kwamba kila mwenye VVU aanze dawa bila kujali idadi ya seli zake.

Mtu asiye na dalili aliyekuwa na seli 300 asingepewa dawa kwa mwongozo wa mwaka 2006, ilhali angestahili kwa ule wa mwaka 2010. Kilichobadilika ni kiwango, si damu yake. Katika wilaya za Kilombero na Ulanga, ambako wagonjwa wa Kliniki ya Magonjwa Sugu ya Ifakara wamefuatiliwa kwa miaka mingi kupitia kundi la utafiti liitwalo KIULARCO, mabadiliko hayo yaligusa maisha ya watu halisi. Hata leo kipimo cha CD4 hakijaachwa, kwani hutumika kumbaini mgonjwa aliyefika hatua ya juu ya ugonjwa, yaani mwenye seli chini ya 200.

Mfano wa pili unahusu neutrofili, ambazo ni chembe nyeupe zinazopambana na bakteria. Maabara nyingi duniani huchukulia kwamba mtu mzima mwenye neutrofili chini ya 1,500 katika mikrolita moja ana upungufu. Kiwango hicho kilitokana kwa kiasi kikubwa na vipimo vya watu wenye asili ya Ulaya. Watu wengi wenye asili ya Afrika wana neutrofili chache zaidi katika damu, nao ni wazima kabisa. Tofauti hiyo inahusishwa na kukosekana kwa kipokezi kiitwacho Duffy juu ya chembe nyekundu za damu. Kukosekana huko, ambako kumeenea sana Afrika kusini mwa Sahara, ndiko pia kunakowapa watu kinga kubwa dhidi ya malaria ya vivax. Kwa maneno mengine, urithi uliowakinga wazee wetu unaweza kusomeka katika fomu ya maabara kama dosari.

Hapa ndipo kijana wetu wa Kisawasawa anapopata jibu. Pia hapa ndipo athari ya kiutafiti inapoonekana: iwapo watu wazima wa eneo fulani wataondolewa katika jaribio kwa kiwango kisichowahusu, matokeo ya jaribio hilo hayatawakilisha eneo hilo ipasavyo.

4.0 Mamlaka ya jumuiya na viongozi wake

Jumuiya kuu ya fani hii duniani ni Jumuiya ya Kimataifa ya Kuendeleza Saitometria, ijulikanayo kwa kifupisho cha ISAC. Ilianzishwa mwaka 1978 ikiwa na jina tofauti na lililopo sasa. Kama zilivyo jumuiya nyingi za kisayansi, huongozwa na rais na baraza, huandaa mkutano mkuu na huwa na jarida lake. Haina bunge wala mahakama, lakini ina nguvu ya kuwafanya wanasayansi wafuate utaratibu mmoja.

Nguvu hiyo inaonekana katika mambo mawili. Kwanza, ni muundo wa faili za takwimu za saitometria, uitwao FCS, ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1984. Kwa muundo huo, takwimu zilizotoka katika mashine ya Bagamoyo zinaweza kusomwa Basel bila kujali mashine imeundwa na kampuni gani. Pili, ni mwongozo wa mwaka 2008 unaoeleza taarifa za lazima ambazo mtafiti anapaswa kuzitoa anapochapisha jaribio la saitometria, ili mwingine aweze kulikagua na kulirudia.

Kiongozi mmojammoja naye anaweza kuelekeza macho ya fani. J. Paul Robinson, aliyekuwa rais wa ISAC kuanzia mwaka 2006 hadi 2008, alitumia nafasi na jina lake kudai mashine za bei nafuu za kuhesabu CD4 kwa ajili ya Afrika, na mwaka 2009 alipanda Mlima Everest ili kuitangaza kampeni hiyo. Juhudi hiyo inastahili heshima. Hata hivyo, inafunua udhaifu wa uongozi unaotenda kwa niaba ya wengine: swali lilikuwa namna ya kuifikisha mashine Afrika, wakati swali la kiwango kitakachotumiwa kusoma majibu yake lilibaki nyuma. Mashine ya bei nafuu yenye kiwango kisichofaa hutoa majibu yasiyofaa kwa gharama ndogo.

5.0 Kilombero: kutoka kupimwa hadi kuongoza

Historia ya Ifakara inaonesha kwamba nafasi ya jamii katika sayansi inaweza kubadilika. Mwaka 1949 Rudolf Geigy, mwanasayansi wa Uswisi, alifika Ifakara, na kazi yake ilizaa maabara ya uwandani ya taasisi ya magonjwa ya kitropiki ya Basel. Katika miongo ya mwanzo, maswali ya utafiti yalitungwa kwa sehemu kubwa na wageni.

Katika miaka ya 1990 hali ilianza kugeuka. Kituo kilipata mkurugenzi Mtanzania, Andrew Kitua, na mwaka 1996 kikawa chombo cha Kitanzania chenye bodi yake ya wadhamini. Mwaka 2008 kilichukua jina la Taasisi ya Afya Ifakara. Katika kipindi hicho chanjo ya malaria iitwayo SPf66 ilijaribiwa kwa watoto wa Idete, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1994 yalionesha kinga ya asilimia 31. Majaribio yaliyofuata Gambia na Thailand hayakuthibitisha kinga hiyo, na chanjo ikaachwa. Pamoja na hayo, bonde lilibaki na kitu cha kudumu, yaani watafiti wazawa waliojua kuendesha jaribio kubwa. Ujuzi huo uliendelezwa katika tawi la Bagamoyo, ambalo kuanzia mwaka 2009 lilishiriki katika jaribio la mwisho la chanjo ya RTS,S, lililofanyika katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika.

Uongozi uliolelewa Ifakara ulivuka mipaka ya bonde. Kitua baadaye aliongoza Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na Hassan Mshinda, aliyewahi kuwa mkurugenzi Ifakara, aliongoza Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia. Watu waliozoea kutunga maswali katika kituo chao waliweza kuyatunga katika ngazi ya taifa.

Ngazi ya kimataifa ilifikiwa na jirani wa pwani. Mwaka 2019 Faith Osier, daktari na mtafiti wa malaria kutoka Kenya aliyefanya kazi kwa miaka mingi Kilifi, alichaguliwa kuwa rais wa Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Kinga ya Mwili, IUIS. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kushika wadhifa huo tangu muungano ulipoanzishwa mwaka 1969. IUIS si jumuiya ya saitometria, lakini wanachama wa vyama vyake ni miongoni mwa watumiaji wakubwa wa fani hiyo. Mkutano mkuu wa muungano ulifanyika Cape Town mwaka 2023. Kwa mtafiti kijana wa Kiafrika, mkutano kuwa barani mwake hupunguza vikwazo viwili vikubwa, yaani nauli na viza.

Haitoshi, hata hivyo, kuhesabu marais. Mtu mmoja akiketi kitini kwa miaka michache hawezi peke yake kubadili viwango vilivyojengwa kwa miongo. Kazi ya viwango hufanywa katika kamati, katika meza za wahariri wa majarida na katika mafunzo ya wachambuzi. Uwakilishi usiofika huko hubaki kuwa heshima kwa mtu, wala haugeuzi fomu ya maabara anayosomewa mgonjwa.

6.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba hesabu ya seli hutegemea mipaka inayochorwa na watu, na kwamba jumuiya za kisayansi ndizo zinazokubaliana kuhusu namna ya kuichora na kuiripoti. Historia ya Ifakara inathibitisha kuwa waliokuwa wakipimwa wanaweza kuwa wapimaji, kisha wakurugenzi. Hatua iliyobaki ni kuingia kwa wingi katika kamati za viwango.

Kutokana na uchambuzi huu, mambo matatu yanapendekezwa. Mosi, kila jaribio linalofanyika nchini litumie viwango vya kawaida vilivyopatikana kwa kupima watu wazima wa Tanzania, na lieleze wazi viwango hivyo vilitoka wapi. Pili, vyuo vikuu na taasisi za utafiti zigharimie uanachama na ushiriki wa wataalamu wa maabara, si wa wakuu wa miradi pekee, kwa kuwa wataalamu wa maabara ndio wanaochora mipaka kila siku. Tatu, istilahi za fani hii ziendelezwe kwa Kiswahili, ili anayeambiwa kwamba seli zake ni pungufu aweze kuuliza: pungufu kuliko za nani?

Swali hilo ni haki ya kijana wa Kisawasawa. Jumuiya ya kisayansi inayoongozwa vema ni ile inayoweza kumjibu.