Mwalimu Anapojisikiliza (2)

Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, ndiko wakazi wengi wa Dar es Salaam wanakofuata simu, mpya kwa za mtumba. Mtaa huo una jina la mwalimu. James Aggrey, mzaliwa wa Ghana ya leo, alifika Afrika Mashariki mwaka 1924 na Tume ya Phelps-Stokes, iliyokuja kukagua elimu ya Waafrika. Karne moja baadaye, simu ya mtaani kwake inampa mwalimu nafasi ya kujikagua mwenyewe.

Sehemu ya kwanza ilihusu kurekodi. Hii inahusu kusikiliza.

Kitakachosikika mapema ni kile walichokieleza Sinclair na Coulthard, wanaisimu wa Uingereza, mwaka 1975: mwalimu anauliza, mwanafunzi anajibu, mwalimu anapima jibu. Madarasa ya Tanzania yana vionjo vyake. "Makao makuu ya nchi yetu ni Dodo...?" Darasa zima: "Maaa!" "Tumeelewana?" "Ndiyooo!" Darasani kiitikio hicho humpa mwalimu raha. Kwenye simu kinamuumbua, kwani hawezi kumtambua hata mtoto mmoja aliyeelewa.

Dakika kumi za sauti zinatosha. Mwalimu achore safu tatu daftarini: maswali ya jibu moja, maswali ya "kwa nini" na "umejuaje", na majibu ya pamoja. Kisha apime ukimya. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, aliporekodi vipindi vya sayansi alikuta walimu husubiri jibu kwa takriban sekunde moja. Waliposubiri tatu au zaidi, majibu yalirefuka, na watoto waliozoea kunyamaza wakaanza kusema.

Kariakoo ina kero yake. Simu ikikaa dirishani itanasa honi za bodaboda na vipaza sauti vya wauza nguo. Dawati la katikati linafaa zaidi.

Pa kuyajadili matokeo papo. MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini yanayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, yana jumuiya za kujifunza shuleni. Humo mwalimu achague mwenyewe dakika mbili za kuwasikilizisha wenzake. Mkuu wa shule akianza kukusanya rekodi, kila kipindi kitageuka maonyesho. Wala sauti za watoto zisirushwe kwenye makundi ya WhatsApp: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazilinda, na ridhaa ya mzazi itangulie.

Sehemu ijayo itaingia kidato cha kwanza, ambako Kiswahili kinakipisha Kiingereza, na ukimya unaonaswa na simu una sababu nyingine kabisa.