Kambale Huanzia Msituni

Mvua za mwanzo zikishajaza mbuga za Usinge, mkoani Tabora, kambale hutoka mtoni na kuingia kwenye nyasi. Hupita kwenye maji yasiyofika hata kifundo cha mguu, mgongo ukiwa nje, akijisukuma kwa miiba ya mapezi yake ya kifuani. Hafi, maana juu ya matamvua ana viungo vyenye matawi kama kichaka kidogo, vinavyomwezesha kuvuta hewa. Hutaga usiku. Mayai hunata kwenye majani yaliyozama, na kwa joto la Tabora huanguliwa ndani ya siku moja au moja na nusu. Vifaranga hukulia humohumo mbugani, ambako chakula ni tele na samaki wakubwa wa kuwala ni wachache, kisha hurudi mtoni maji yanapoanza kupungua.

Nchi za kaskazini zina samoni, anayetoka baharini na kupanda mto hadi kwenye kokoto alikozaliwa. Sisi tuna samaki hawa wa mafuriko, na safari yao, ingawa ni fupi, inakatika kwa urahisi uleule. Ningu wa Ziwa Viktoria ni ushahidi tosha. Alikuwa akipanda mito kwa makundi makubwa wakati wa mafuriko ili kutaga. Nyavu za kutega zilipoingia ziwani mwanzoni mwa karne ya 20 na kuanza kutandazwa kwenye midomo ya mito, akanaswa akiwa na mayai tumboni, mwaka baada ya mwaka, hadi uvuvi wake ukaporomoka.

Usinge, kwenye mbuga za kambale wetu, ni stesheni kwenye reli ya Tabora hadi Kigoma, iliyokamilika mwaka 1914. Kusini yake liko Ziwa Sagara, ambamo maji ya mto Ugalla hupita yakielekea mto Malagarasi. Misafara ya pembe za ndovu ya Wanyamwezi na Waarabu ililazimika kuuvuka Malagarasi na kuwalipa wenye mitumbwi. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke waliuvuka mwaka 1858 wakielekea Ujiji. Lakini mto wenyewe una umri mkubwa kuliko hata Ziwa Tanganyika unamoingia. Baadhi ya samaki wake ni ndugu wa samaki wa Kongo, mabaki ya zama ambazo maji yake yalitiririka moja kwa moja kuelekea magharibi kabla bonde la ziwa halijafunguka. Na wapo walio wake peke yake, kama perege aliyepewa jina la kisayansi Oreochromis malagarasi mwaka 1983 na mtaalamu wa samaki Ethelwynn Trewavas. Mwaka 2000 ardhioevu ya Malagarasi na Muyovozi, yenye hekta zipatazo milioni 3.25, ikawa ya kwanza Tanzania kuingizwa katika Mkataba wa Ramsar.

Nani basi anayeulinda mto huu? Jibu jepesi ni mvuvi na afisa uvuvi, na kweli vikundi vya usimamizi wa uvuvi vya vijijini vina kazi kubwa: kukamata makokoro, kung'oa uzio na migono inayoziba mikondo ya kuingilia mbugani wakati wa kutaga. Ila mimi ningeanza mbali na maji. Kaliua na Urambo ni nchi ya tumbaku ya mvuke, na majani yake hukaushwa kwenye mabani kwa moto wa kuni unaowaka siku kadhaa mfululizo. Kuni hizo hutoka kwenye miombo. Mti ukiondoka, mvua hupiga udongo mtupu na tope huteremka hadi mbugani, likafunika mayai yakakosa hewa. Mwaka 1993 mwanasayansi Andrew Cohen na wenzake walionyesha kwamba pwani za Ziwa Tanganyika zinazopokea tope jingi zina aina chache za viumbe kuliko zile ambazo vilima vyake bado vina misitu.

Ndiyo maana namhesabu mrina asali kuwa mlinzi wa samaki. Mizinga yake inataka miti mikubwa inayochanua. Tena yeye hulala kambini porini, hivyo huwa wa kwanza kuona tanuri jipya la mkaa au shamba lililofunguliwa kando ya kijito, ndani ya mita 60 ambamo Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli kama hizo.

Taasisi ya Jane Goodall, ikiwa Kigoma, ilielewa kwamba ulinzi huanzia kwa wanakijiji wenyewe. Mradi wake wa TACARE ulianza mwaka 1994 katika vijiji 12 vinavyoizunguka hifadhi ya sokwe ya Gombe, na haukuanza kwa kuhubiri sokwe. Uliwauliza wanavijiji wanahitaji nini. Walitaja chakula, afya na elimu ya watoto. Baadaye, chini ya uongozi wa Emmanuel Mtiti, kazi ilisogea hadi Masito na Ugalla. Picha za setilaiti ziliwekwa mbele ya wanakijiji, nao wakaonyesha vijito, makaburi, malisho na mipaka. Mkutano mkuu ukapitisha mpango wa matumizi bora ya ardhi, na kijiji kikatenga msitu wake. Walinzi waliochaguliwa na wenzao huuzunguka wakiwa na simu, wakirekodi visiki na mitego pamoja na mahali vilipoonekana.

Hofu yangu ni moja. Miradi ina tarehe za mwisho. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Denmark iligharimia mradi mzima wa kusimamia eneo la Ramsar la Malagarasi, nao ukaisha. Mwaka 2025 Marekani ilifunga shirika lake la misaada, USAID, iliyokuwa mfadhili mkubwa wa kazi za Taasisi ya Jane Goodall magharibi mwa Tanzania, na Oktoba 1 mwaka huohuo Jane Goodall mwenyewe akafariki. Kilichobaki ni ramani ukutani kwenye ofisi ya kijiji, sheria ndogo, na mlinzi mwenye shamba lake la mahindi linalomsubiri palizi. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika inaweza kuziunganisha jumuiya za watumia maji za juu na chini ya mto, ili anayefuga juu amjue anayevua chini, lakini mafuta ya boti ya doria na koti la mvua havitoki kwenye vikao. Ushuru wa samaki wa Sagara unaweza kuvilipia. Madiwani wa Kaliua wakitenga sehemu ya ushuru huo kwa walinzi wa mbuga na misitu, na fedha zikafika kabla ya Novemba, doria itakuwa kazini samaki wanapoanza kupanda.