Mizigo ni Amana: Safari ya Isiolo kwa Gari la Kukodi



Msimu wa likizo na harusi unapowadia, familia nyingi za pwani yetu hufunga safari za bara kuwazuru jamaa. Miongoni mwa miji inayopokea wageni wetu ni Isiolo, mji wenye Waislamu wa makabila mbalimbali, wakiwamo Waborana na Wasomali. Baadhi ya koo za Kisomali zilianza hapo na askari wastaafu wa King's African Rifles, waliopewa makazi baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Dini na ndoa zimetuunganisha nao, ila masafa hayajapungua. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni karibu kilomita 500, na kutoka Nairobi hadi Isiolo kwa njia ya Nanyuki na Timau ni kama 270 nyingine. Familia yenye wazee na watoto huona ni heri ikodi gari moja kuliko kutawanyika katika mabasi.

Zama za ukoloni, Isiolo palikuwa lango la Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, na msafiri hakupita bila kibali. Hata miaka ya baadaye, magari ya kwenda Marsabit na Moyale yalikuwa yakingojeana yaondoke kwa msafara chini ya ulinzi wa askari. Leo lami imefika Moyale na safari imekuwa nyepesi. Wepesi huo ni neema, lakini huzaa mghafala, na mwizi wa mizigo hana mtaji mwingine ila mghafala wa mwenye mali.

Wako wanaodhani kwamba kufunga kila kitasa ni upungufu wa tawakkul. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliulizwa na mtu mmoja kama amfunge ngamia wake au amwache huru na kumtegemea Mwenyezi Mungu. Alimwelekeza amfunge, kisha ategemee. Tena katika mabegi yetu mara nyingi mna vitu vya watu: mkufu wa bibi harusi, dawa za shangazi, halua na kanga tulizotumwa kufikisha. Anayebeba vitu hivyo amebeba amana, na amana haina udhuru wa uzembe.

Ulinzi huanza kabla ya gari kung'oa nanga. Siku ya kulipokea gari, tulikague pamoja na mwenyewe: buti lifunge, vioo vipande na kushuka, vitasa vya milango yote vishike. Tupige picha za gari nje na ndani. Tusome mkataba na kuuliza wazi kama bima inahusu mizigo, kwani aghalabu bima hulinda gari na watu, si masanduku yaliyomo ndani. Gari lililokodiwa nalo ni amana mikononi mwa aliyelikodi, kama wanavyoeleza wanazuoni. Haifai kulizembea kwa kuwa si letu.

Kufunga mizigo mara nyingi ni kazi ya mama, na yeye ndiye ajuaye kilichomo. Basi aandike orodha: mabegi mangapi, lipi la nani, lina nini. Kila begi litiwe alama, na kila gari linapopakiwa upya yahesabiwe kwa sauti. Watoto hupenda kazi hii na hawasahau. Dhahabu, fedha na dawa zikae katika mkoba mdogo usiotengana na mtu mzima mmoja aliyeteuliwa. Vitambulisho vya watu wazima viwe karibu, visizikwe chini ya buti, maana katika njia za kaskazini askari huvihitaji vizuizini. Mizigo mizito ikae chini ndani ya buti. Ikiwa lazima itumike keria, ipandishwe iliyo miepesi, ifunikwe turubai na kukazwa kamba, kwani kutoka Timau kwenda Isiolo njia huteremka sana. Wala tusirundike vitu nyuma ya vichwa vya watoto. Breki moja ya ghafla hugeuza birika kuwa jiwe.

Hatari kubwa haipo gari likienda, bali likisimama. Tunaposhuka kwa chakula au mafuta, tusiache simu wala mkoba juu ya kiti. Kitakachokwenda butini kiwekwe kabla ya kufika mahali pa kusimama, si mbele ya macho ya watu. Tukibonyeza rimoti, tuvute mpini wa mlango kuhakikisha, kwa sababu wapo wezi wenye vifaa vya kuzuia mawimbi yake, na mwenye gari huenda akidhani amefunga.

Kuna kituo kimoja ambacho sisi Waislamu hatukikwepi, nacho ni Sala. Familia ikifika Isiolo mchana, wote huteremka msikitini kwa Adhuhuri na Alasiri, baba upande mmoja, mama na mabinti upande mwingine, na gari lililojaa hubaki peke yake. Dini yetu imekwisha kutufunza juu ya hali inayofanana na hii. Katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 102, inapoelezwa Sala ya hofu, Waumini wameamrishwa wasali kwa makundi, moja likisali na jingine likilinda, na aya yenyewe inawataja maadui wanaotamani Waumini waghafilike na silaha zao na mizigo yao. Sisi hatumo vitani, lakini tunaweza kuchukua adabu hiyo: wasali wengine kwanza, wawili wabaki na gari, kisha wapokezane. Msafiri amepewa ruhusa ya kupunguza na kukusanya Sala, basi zamu hizi hazichukui muda mrefu. Dereva naye asigeuzwe mlinzi wa kudumu. Ana haki ya kusali na kupumzika.

Isiolo ni mji wa joto, na gari lililofungwa juani huwaka kama tanuri. Insulini, kwa mfano, huharibika kwa joto kali. Isiachwe butini hata kwa saa moja. Wakati wa kurudi, wanaonunua maziwa ya ngamia kwa akina mama wanaoyauza mjini wayatie katika madumu safi yanayofunga sawasawa, mbali na nguo, na yawekwe kwenye kasha la barafu.

Na kama, Mungu apishe mbali, kitu kimepotea? Tutafute kwanza katika orodha na chini ya viti. Kisha tupige ripoti kituo cha polisi kilicho karibu, tupewe nambari ya OB, na tumjulishe mwenye gari siku hiyo hiyo. Lakini tusimrukie dereva au binti wa kazi kwa dhana tupu. Sura ya Al-Hujuraat imetuonya tujiepushe na dhana nyingi. Mkufu uliopotea huenda ukapatikana; heshima ya mtu aliyeitwa mwizi mbele ya watoto hairudi kwa urahisi.

Siku ya kurudisha gari, tupekue mifuko ya milango na chini ya mikeka, na tufute majina na nambari zetu zilizobaki katika redio ya gari. Tukikuta kitu cha aliyelikodi kabla yetu, tusikifanye chetu. Tumkabidhi mwenye gari mbele ya shahidi, ili kimfikie mwenyewe. Nasi tungependa tufanyiwe hivyo.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu, mali zao na amana walizobeba, na awarudishe majumbani kwa salama. Amin.