Miguu Ikiacha Ardhi, Achia Kamba

Kila mwaka, Julai inapokaribia kwisha, mji wa Oshkosh katika jimbo la Wisconsin, Marekani, hufurika wapenzi wa ndege. Wengi huja na ndege zao wenyewe, na baadhi ya ndege hizo wamezijenga kwa mikono yao nyumbani, bawa hili mwaka huu, mkia mwaka ujao. Katika juma moja tu, ndege zaidi ya 10,000 hutua Oshkosh na viwanja vya jirani.

Kuingia kwenyewe kuna desturi yake. Rubani hufuata reli kutoka Ripon hadi kijiji cha Fisk, ndege zikiwa zimepangana mstari mmoja, futi 1,800 kutoka usawa wa bahari, mwendo wa noti 90. Redio huwa wazi, lakini yeye hasemi neno. Pale Fisk wamekaa waongoza ndege wenye fulana za waridi na darubini shingoni. Hawamwiti mtu kwa namba ya ndege yake, humwita kwa jinsi anavyoonekana: wewe mwekundu mwenye bawa la juu, tikisa mabawa. Naye hujibu kwa kuyatikisa. Halafu huelekezwa atue kwenye doa la kijani, au la rangi ya chungwa, kwa sababu ndege mbili au tatu huweza kutua kwa pamoja kwenye barabara moja, kila moja na doa lake. Akishafika chini hubandika kiooni karatasi yenye herufi kubwa zinazoonyesha anakokwenda, na wahudumu wa kujitolea humwongoza hadi kwenye nyasi. Hema hupigwa hapohapo, chini ya bawa. Mkusanyiko huu ni wa EAA, chama cha wapenzi wa ndege alichokianzisha Paul Poberezny mjini Milwaukee mwaka 1953, na Oshkosh pamekuwa nyumbani kwake tangu 1970.

Jua likizama, viti vya kukunja hutolewa, na mazungumzo huanza. Mgeni angetarajia masimulizi ya kasi na ushujaa. Hayo yapo, ila yanayosikilizwa kwa makini zaidi ni ya ajali, na wazungumzaji wana adabu yake. Huanza na aina ya ndege, uwanja na hali ya hewa. Aliyekufa hutajwa kwa jina. Chanzo hakitangazwi kabla wachunguzi hawajatoa ripoti, na anayekimbilia kumlaumu rubani hukatizwa na wakubwa zake. Naiheshimu sana adabu hii. Kwetu, taarifa ya ajali ya basi hufika pamoja na hukumu ya dereva, hata kabla majeruhi hawajafikishwa hospitali.

Katika masimulizi hayo, blimpu ina nafasi ya pekee. Ni chombo cha anga kisicho na mifupa: mfuko mkubwa wa gesi unaoshikiliwa umbo na msukumo wa gesi yenyewe, na chini yake kibanda cha rubani na abiria. Huenda polepole kiasi kwamba mtoto aliye chini anaweza kuipungia mkono na kuona akipungiwa pia. Labda ndiyo maana watu huipenda kama wanavyompenda kiumbe hai. Kampuni ya matairi ya Goodyear, iliyorusha blimpu yake ya Pilgrim mwaka 1925, imeendelea kuvipa vyombo vyake majina kwa sherehe, mama mmoja mashuhuri akiitwa kuvunjia chupa puani pa chombo. Mwaka 1929 heshima hiyo ilimwangukia rubani Amelia Earhart.

Hata hivyo, chombo chepesi kuliko hewa hakisamehe uzembe wa mizani. Kwa miaka mingi, kwenye blimpu za Goodyear abiria hawakuteremka wote kwa mpigo. Wawili wakishuka, wawili walipanda, huku wahudumu wa chini wameng'ang'ania fito za kibanda, ili uzito usitoke ghafla chombo kikapaa.

Kanuni ya kwanza anayofundishwa mhudumu wa kamba ni hii: miguu ikiacha ardhi, achia kamba papo hapo. Ukichelewa kidogo tu, kuachia nako kunakuwa kifo. Wanaoifundisha humsimulia mgeni yaliyotokea tarehe 11 Mei 1932 katika uwanja wa Camp Kearny, karibu na San Diego. Meli ya anga ya jeshi la majini la Marekani, Akron, yenye urefu wa mita 239, ilifika ikiwa nyepesi, jua likiwa limeipasha gesi joto. Waliopewa kamba walikuwa mabaharia vijana, wengi wao hawajawahi kuifanya kazi hiyo. Meli ikapanda ghafla. Wengi waliachia kwa wakati, watatu wakabaki wakining'inia. Wawili walichoka mikono wakaanguka wakafa, na kamera za sinema za habari zilinasa yote. Wa tatu, Bud Cowart, alijifunga kwenye kamba yake akavumilia hadi alipovutwa ndani ya meli. Mwaka uliofuata, Aprili 1933, Akron yenyewe iliangukia baharini karibu na New Jersey, ikaua watu 73 kati ya 76. Blimpu ya J-3 iliyotumwa kuwatafuta manusura nayo ikaanguka, wakafa wengine wawili.

Ajali ya Chicago ni ya zamani zaidi. Tarehe 21 Julai 1919, blimpu ya Wingfoot Air Express iliwaka moto juu ya katikati ya jiji, ikapenya paa la kioo la benki ya Illinois Trust and Savings na kuwaangukia makarani waliokuwa kazini. Walikufa watu 13, na kumi kati yao walikuwa wafanyakazi wa benki. Rubani, Jack Boettner, aliruka kwa parachuti akapona. Gesi ilikuwa haidrojeni, inayowaka kwa cheche moja. Desemba 1921 jeshi la majini la Marekani lilirusha C-7, blimpu ya kwanza kujazwa heliamu, gesi isiyoshika moto. Wajerumani hawakuwa nayo, na tarehe 6 Mei 1937 dunia nzima ilipata habari za kuungua kwa meli yao ya anga Hindenburg pale Lakehurst, New Jersey, ambako watu 36 walikufa. Hadi leo watu hukutana Lakehurst tarehe hiyo kuwakumbuka.

Heliamu haikumaliza hatari, kwa sababu injini bado zinatumia petroli. Hapa ndipo linapotajwa jina la Mike Nerandzic, rubani kutoka Australia. Jioni ya tarehe 12 Juni 2011 alikuwa akirudi kwenye uwanja mdogo wa Reichelsheim, Ujerumani, na abiria watatu ndani ya blimpu iliyopakwa rangi za Goodyear, moto ulipozuka. Aliishusha hadi kama mita mbili kutoka ardhini, akawaambia warukie nje. Wakaruka, wote wakapona. Hakuna rubani wa blimpu asiyejua kinachofuata uzito wa watu watatu ukitoka kwa mpigo mmoja. Chombo kilipaa kikiwaka, naye akiwa peke yake ndani. Nimesoma habari nyingi za ajali za ndege, na sijui nyingine ambamo mizani ya chombo na utu wa binadamu vilikabiliana waziwazi namna hii.

Yapo ya kupita haraka. Mwaka 1990, huko Carson, California, mtu aliigongesha ndege ya kuchezea kwenye blimpu ya Goodyear ikatoboka, na rubani akaishusha salama.

Kinachokesha na watu ni kisa cha L-8. Asubuhi ya tarehe 16 Agosti 1942, blimpu hiyo ya jeshi la majini iliondoka Treasure Island, San Francisco, kusaka nyambizi za Wajapani. Maofisa wawili, Ernest Cody na Charles Adams, walituma ujumbe kwamba wameona utando wa mafuta baharini na wanakwenda kuuchunguza. Saa chache baadaye L-8 ilirudi nchi kavu ikiyumba, ikashukia barabarani katika mji wa Daly City bila mtu ndani. Parachuti zilikuwepo, boti ya kujiokolea ilikuwepo. Maofisa hawakuonekana tena. Chombo hakikutupwa: kilikarabatiwa, na baada ya vita kibanda chake kiliruka miaka mingi chini ya blimpu ya Goodyear iliyoitwa America. Sasa kipo kwenye makumbusho ya Pensacola, Florida, na wageni hupima kwa macho upana wa mlango wake, wakibishana kama mmoja aliteleza na mwenzake akaanguka akimshika.

Historia hii ilikaribia kuigusa hata Afrika Mashariki. Novemba 1917 meli ya anga ya Wajerumani, zepelini L 59, iliondoka Jamboli, Bulgaria, na tani 15 za dawa, silaha na vifaa kwa ajili ya jeshi lao lililopigana Afrika Mashariki chini ya von Lettow-Vorbeck. Safari ilipangwa isiwe na marejeo. Ikifika ingechanwachanwa, ngozi yake ishonwe mahema, bitana igeuzwe bandeji. Ilifika hadi Sudan, ujumbe wa redio ukaiamuru igeuke, ikarudi baada ya saa 95 angani bila kutua. Aprili 1918 ililipuka karibu na Italia na kuua wote 21.

Maonyesho ya ndege nayo yana makaburi yake. Pale Farnborough, Uingereza, tarehe 6 Septemba 1952, ndege ya DH.110 ilivunjika vipande hewani. Rubani John Derry na mwenzake Tony Richards walikufa, na watazamaji 29 wakafa kwa kuangukiwa na mabaki. Ramstein, Ujerumani, Agosti 1988, ndege tatu za kikosi cha Italia ziligongana na moja ikawaangukia watu, walikufa 70. Leo, nchini Marekani, ndege ya kasi kubwa hucheza futi 1,500 kutoka kwa umati, na ile ya polepole futi 500, wala hakuna inayoruhusiwa kuelekeza michezo yake kwa watazamaji.

Jambo moja bado linawagawa wapenzi wa ndege. Siku ile Farnborough, barabara ya ndege ilifagiliwa, Neville Duke akapanda Hunter yake na onyesho likaendelea. Wapo wanaosema hiyo ndiyo heshima anayostahili rubani aliyekufa. Dallas, tarehe 12 Novemba 2022, ndege za B-17 na P-63 zilipogongana na kuua watu sita, maonyesho yalifutwa. Mimi niko pamoja na Dallas. Marubani wanaotaka kumuaga mwenzao kwa kuruka kundi moja, mmoja akichomoka kuelekea juu na kuacha nafasi yake wazi, wanaweza kufanya hivyo juma lijalo. Siku hiyo, waliokuja na watoto wanahitaji kurudi nyumbani, na wachunguzi wanahitaji uwanja uliotulia, vipande vikiwa palepale vilipoangukia.