KUSOMA SI KWA MACHO PEKE YAKE

Wahenga walinena kuwa vidole vya mkono havilingani. Ndivyo tulivyo wanafunzi. Leo nataka kuwaeleza jinsi watoto wenye mahitaji maalum wanavyofundishwa kusoma, jambo ambalo mimi nililijua nikiwa nimechelewa.

Mdogo wangu alifika gredi ya tatu bila kujua kusoma. Kila jioni nilikaa naye nyumbani, hapa Kahawa Wendani. Akiona "baba" anasoma "dada", nikimsahihisha anarudia kosa lile lile. Basi nikawa namwita mzembe. Siku moja alificha kitabu chini ya godoro, akasema ati shule hataki tena. Mama akampeleka kwenye kituo cha utathmini. Vituo vya namna hii vilianza nchini mwaka 1984. Tukaambiwa ana disleksia. Si mjinga wala si mzembe, ila ubongo wake hupata taabu kuunganisha herufi na sauti.

Mtoto kama huyo hafundishwi b na d siku moja. Huchora herufi moja mchangani kwa kidole huku akitamka sauti yake, mpaka aizoee. Kisha huunga silabi: ba, be, bi, bo, bu. Kiswahili humsaidia, kwani herufi zake hazibadilishi sauti ovyo. Kiingereza ndicho humtoa jasho!

Lakini silabi hizo hazimfai sana asiyesikia. Utamwelezaje sauti ya "ba"? Yeye huonyeshwa picha ya ng'ombe, ishara ya ng'ombe, kisha neno lenyewe, hadi vyote vitatu viwe kitu kimoja kichwani. Kwa hivyo mwalimu wake sharti aijue Lugha ya Ishara ya Kenya, ambayo Katiba ya mwaka 2010 inaitaka serikali iikuze pamoja na Breli.

Breli nayo ilibuniwa na Mfaransa Louis Braille, aliyepofuka utotoni. Aliichapisha mwaka 1829. Kila herufi hupewa nafasi ya nukta 6, safu mbili za nukta tatu tatu. Nukta ya juu kushoto peke yake ni a. Ukiiongezea ile ya chini kabisa upande huo huo, unapata k. Hesabu basi: neno "kaka" lina nukta 6 tu, na kidole hulisoma gizani! Hapo Thika, shule ya vipofu ya Jeshi la Wokovu ilianza mwaka 1946. Hata hivyo, anayeona kidogo huenda asihitaji Breli. Pengine maandishi makubwa meusi na kiti karibu na ubao vitamtosha.

Yupo pia anayeelewa polepole. Huyo huanzia maneno ya maisha yake: jina lake, "choo", "hatari", na "Wendani" lililoandikwa kwenye matatu. Hupewa hatua ndogo, hurudiarudia, na husifiwa akipata.

Sasa fikiri wote hao wako darasa moja na mwalimu ni mmoja. Afanyeje? Hadithi huwa moja, njia huwa nyingi: huyu huipapasa, yule huitazama kwa ishara, mwingine husoma sentensi mbili tu zenye picha. Mwalimu huandaa somo moja mara nne. Kazi hiyo ina mafunzo yake. Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya iliyoko Kasarani iliundwa mwaka 1986 kwa ajili hiyo, na majirani zetu Chuo Kikuu cha Kenyatta pia huwafundisha walimu hao.

Nasi je? Tusicheke mtu anapokwama. Tumpe muda. Ukiona mtoto anachanganya herufi kila siku, mweleze mzazi au mwalimu mapema, kwani samaki mkunje angali mbichi.

Juzi mdogo wangu, sasa yuko gredi ya tano, alinisomea ukurasa mzima akiweka rula chini ya mstari. Alikosea mara mbili. Nikanyamaza. Akarudi nyuma, akajisahihisha mwenyewe, kisha akanitazama akicheka.

Wenzangu, tunaishi Wendani. Basi tuwe wendani wao kwelikweli.