Katuni ya Nussa na Simu Mkononi mwa Mtoto



Mama mmoja ametuuliza iwapo inafaa kumwachia mwanawe wa miaka sita simu atazame katuni. Tungependa kumjibu kwa mfano wa Indonesia, nchi ambayo Waislamu wake wameamua kutengeneza katuni zao wenyewe.

Mwezi Novemba 2018, studio ya The Little Giantz ilianza kurusha katika YouTube vipindi vifupi viitwavyo Nussa. Mhusika mkuu ni mvulana avaaye kanzu na kofia, akiwa na mdogo wake wa kike, Rarra, na paka wao, Anta. Majina hayo yalitungwa ili yakiunganishwa yakumbushe Nusantara, jina la kale la visiwa vile.

Nussa ana mguu wa bandia. Hilo ndilo lililotugusa zaidi. Anasali, anacheza, anagombana na mdogo wake kisha wanapatana, wala watunzi hawakumfanya kiumbe wa kuhurumiwa. Ni wangapi kati yetu humfungia chumbani mtoto mwenye ulemavu wageni wanapobisha hodi? Ilhali Abdullah bin Umm Maktum (R.A.), Sahaba asiyeona, alikuwa mwadhini wa Mtume (S.A.W.).

Lawama hazikukosekana. Filamu ya Nussa ilipotangazwa mwanzoni mwa 2021, baadhi ya Waindonesia walidai mitandaoni kuwa mavazi ya mtoto yule ni ya Kiarabu, si ya kwao. Sisi wa pwani, tunaovaa kanzu msikitini na harusini bila kuuliza ilikotoka, hoja hiyo ilitushangaza kidogo. Filamu ilionyeshwa mwezi Oktoba mwaka huohuo.

Tukirudi kwa mama yetu, katuni ya namna hii hatuioni kuwa na ubaya. Khofu yetu ni kile kinachofuata: kipindi kikimalizika, YouTube huleta kingine chenyewe, na aliyekichagua si mzazi. Tena lugha ni Kiindonesia. Mtoto atatambua salamu na bismillahi, lakini yaliyobaki yanahitaji mtu wa kumfafanulia. Basi mwache atazame, nawe uketi naye. Vipindi vingi ni vya dakika chache tu, chai haitapoa.